Pikapu ya mbio si ya kupelekea watoto shule

Marekani, tangu 1995, NASCAR ina mbio za magari yenye umbo la pikapu. Baba mwenye pikapu kuukuu uani akizitazama, huanza kupiga hesabu.

Kazi ipo. Pikapu imeinuka, na ikiwa haina mzigo nyuma huwa nyepesi, hivyo kwenye kona mkia huteleza. Fundi huishusha kwa springi fupi na ngumu, hubadili tairi na breki, kisha huchomelea ndani fremu ya mabomba ya chuma ili paa lisibonyee ikipinduka.

Hapo ndipo mama aulize maswali. Fremu hiyo humlinda dereva aliyevaa helmeti na kufungwa mikanda ya mabegani na kiunoni. Mtoto wa shule hukaa kichwa wazi, bomba likiwa karibu na kichwa chake. Hata ajali ya kawaida inaweza kumjeruhi vibaya. Kulizungushia sponji ya godoro ni kujidanganya.

Kama gari la nyumbani ni hilo hilo, baba aanze na breki na tairi. Akishafunga fremu, watoto watafutiwe usafiri mwingine, hata kama atanuna.