Kishale cha Kompyuta Si Herini

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, leo naomba niwabishie wahenga kidogo, kwa sababu kizuri nilichokitengeneza mimi kilimtia mwenzetu hasarani.

Siku hizi darasa letu la kompyuta limeingiwa na ugonjwa wa kubadilisha kishale, yaani ule mshale mdogo unaofuata kipanya. Kazi yenyewe ni rahisi kama kumeza mate. Katika Visual Basic unachagua kibonyezo, kwenye MousePointer unaweka 99, kisha kwenye MouseIcon unaonyesha faili ya picha. Ukipita juu ya kibonyezo hicho, mshale unageuka ua, mpira, hata matatu! Darasa zima linashangilia, "Wee, huyu ni fundi!"

Fundi wa kwanza nilikuwa mimi. Muhula uliopita nilitengeneza programu ya kuandikisha vitabu vya chama chetu, nikaweka picha ya kalamu kwenye kila kibonyezo. Ncha ya kalamu ilielekea chini. Sikujua kwamba katika picha nzima ni nukta moja tu ambayo kompyuta huihesabu unapobonyeza. Kwenye mshale wa kawaida nukta hiyo iko nchani. Kwenye kalamu yangu ilikuwa katikati. Basi katibu wetu akalenga "Hifadhi" kwa ncha ya kalamu, kumbe nukta yenyewe iko juu kidogo, kwenye "Futa". Habari za kitabu kilichorudishwa zikapotea. Baada ya wiki mbili mwanafunzi mmoja akadaiwa riwaya aliyokwisha kuirudisha.

Sisi wa shule ya kutwa twajua pesa ya riwaya hutoka wapi. Hutoka kwenye nauli. Mwenzetu alikuja shule kwa miguu siku tatu, hadi kitabu kilipoonekana kwenye rafu. Nilimwomba msamaha akanisamehe, lakini aibu bado ninayo.

Ndiyo maana nasema kishale si herini. Kishale ni ulimi wa kompyuta. Mkono wenye kidole unasema, "Bonyeza hapa." Kijiti kilichosimama kinasema, "Andika hapa." Saa ya mchanga inasema, "Ngoja kidogo, nina kazi." Ukivigeuza vyote kuwa mipira, umeikata kompyuta ulimi, na anayeitumia atabaki kubahatisha.

Hata huko kilikozaliwa, kishale hakikuwa pambo. Douglas Engelbart alipoonyesha kipanya mbele ya watu huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, mshale wake ulitazama juu wima. Katika miaka ya 1970 watu wa Xerox waliuinamisha kwa sababu, kwenye skrini za wakati ule, mshale ulioinama ulionekana vizuri zaidi. Waliubadilisha, ndiyo, lakini kwa faida ya macho ya mtumiaji.

Na kwa nini twende mbali? Wachongaji wa Wamunyu, hapa hapa Machakos, huchonga kijiko chenye mpini wa twiga, ukakipenda kabla ya kukishika. Lakini pale pa kutekea mchuzi hapaguswi na twiga. Fundi anajua kijiko ni cha kulia.

Najua wapo watakaosema, "Aa, wewe unatuonea wivu tu." La hasha! Sikatazi mtu kujifunza. Ninachoomba ni hiki: kabla hujabadilisha kishale, jiulize kinamwambia mtumiaji nini. Kama ni kioo cha kukuzia juu ya ramani, vyema, kinasema, "Hapa utaona kwa ukubwa." Kama hakisemi lolote, uache mshale wa watu. Ukishakiweka, hakikisha ile nukta iko nchani. Kumbuka pia wenye macho dhaifu, ambao huenda wameukuza mshale wao katika mipangilio ya Windows. Picha yako ndogo inaweza kuwanyang'anya msaada huo. Mwisho, mpe programu yako mtu asiyejua kompyuta, kisha unyamaze umtazame. Akikosea, usimcheke. Kosa ni lako.

Wenzetu wa kidato cha nne wana miradi ya mtihani, na kesho ni sisi. Tutengeneze vitu vya kutumika, si vya kushangiliwa.

Kalamu yangu, hii ya wino ambayo nukta yake iko nchani, inaishia hapa.