MVUA HAINA HATIA: FEDHA ZA BARABARA ZIKO WAPI?



Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni kuandika: kamio gani imefika, imebeba nini, ilitoka Bukavu siku gani, imechelewa siku ngapi na kwa sababu gani. Katika daftari langu iko safu moja ya sababu, na kwa miaka mingi nimeijaza kwa neno moja tu: mvua. Kamio ya unga imechelewa siku tisa: mvua. Kamio ya mafuta imelala njiani wiki mbili: mvua. Kamio ya dawa imeanguka bondeni, haikufika kabisa: mvua.

Siku moja ya mwezi wa Agosti, vumbi limejaa mpaka juu ya meza, nilikuwa naandika kamio nyingine iliyokwama siku sita. Kalamu ilikwisha kugusa karatasi ndipo nikakumbuka kwamba tangu Juni halijaanguka hata tone. Nikamwuliza dereva. Akanijibu kwamba daraja lililovunjika mwezi wa Aprili lilikuwa bado limelala mtoni, na magari yalikuwa yakingojana kupita juu ya magogo. Nikaona haya. Miaka yote ile nimeandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeisingizia mvua, na aliye na hatia nimemwacha aende zake huru.

Leo nataka kumtaja.

Katika Kivu yetu mvua si mwizi anayekuja bila taarifa. Inaanza Septemba, inaendelea mpaka Mei. Babu zetu walijua hayo, nasi twajua. Mungu ametupa Juni, Julai na Agosti, miezi mitatu mikavu, kila mwaka bila kukosa. Je, katika miezi hiyo mitatu ni mitaro mingapi inayozibuliwa kati ya Bukavu na Kamituga? Ni madaraja mangapi yanayokazwa misumari kati ya Walungu, Burhale na Mwenga? Yule anayepita njia ile ajibu mwenyewe.

Tazameni sasa yaliyotupata. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe uliruka kingo zake pale Uvira, ukabeba watu, nyumba na madaraja. Siku ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko pale Nyamukubi, maji na mawe yalishuka kutoka milimani katika Kalehe. Nyamukubi na Bushushu zilifunikwa. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine kwa maelfu hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei ikatangazwa kuwa siku ya maombolezo ya nchi nzima. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Bendera zilipopandishwa tena, hofu ilibaki pale pale mlimani. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mvua ikaua watu hapa hapa Bukavu, katika Ibanda. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika likapanda mpaka likaingia bandari ya Kalundu na nyumba za watu wa Uvira.

Sisi tuliosoma kwa mapadri tulifundishwa mfano wa watu wawili, mmoja aliyejenga juu ya mwamba na mwingine aliyejenga juu ya mchanga. Wengi tumekumbuka mwamba na mchanga, tumesahau jambo moja: mvua iliyowanyeshea ilikuwa ile ile. Haikumpenda huyu ikamchukia yule. Kilichoachana ni msingi.

Barabara nayo ni hivyo. Barabara haiuawi na mvua ya siku moja. Mtaro wa pembeni unaziba kwa majani na udongo, hakuna wa kuuzibua. Maji yakikosa njia yanapanda juu ya barabara na kuichimba. Kamio inapita, gurudumu linazidisha shimo. Chini ya barabara liko karavati lililotiwa zamani, dogo, kwa mto uliokuwa na msitu juu yake. Leo msitu ule umegeuka makala ya kupikia, mlima uko uchi, na maji yanashuka pamoja na magogo na mawe. Karavati linaziba, tuta linapasuka, njia imekatika. Tena wenye elimu ya hewa wanatuambia kwamba kila joto la dunia likipanda digrii moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Maana yake mvua kubwa zitazidi kuwa kubwa. Karavati la zamani halitoshi tena, hata likisafishwa.

Dawa yake inajulikana, wala haihitaji miujiza: mtaro unaozibuliwa na watu wa kijiji kile kile kwa mshahara unaofika, karavati pana, vikapu vya waya vilivyojaa mawe kushika kingo za mto, mianzi na nyasi za mizizi mirefu kwenye mteremko, na vyuma vya daraja vilivyowekwa tayari ghalani kabla ya Septemba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huku kwetu hata ukuta hatujengi, tunazika tu.

Sasa atatokea bwana mmoja mwenye tai aseme: "Nchi ni maskini, fedha haipo." Bwana huyo namjibu kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu.

Kwanza, uko mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo unakula katika kila lita ya mafuta inayouzwa, na katika ushuru wa bariera za barabarani. Mama anayepeleka sambaza zake soko la Kadutu, hata kama hana gari, ameulipa ndani ya nauli yake. Pili, sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tatu, Katiba ya mwaka 2006 inasema majimbo yabakie na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Asilimia hizo hatujawahi kuzipata kamili. Mtu anayedaiwa namna hii haitwi maskini. Anaitwa mdaiwa.

Tena mwezi wa Desemba 2022 mvua ilipoikata barabara ya kwenda Matadi pale Matadi Kibala, Kinshasa, Waziri Mkuu wa wakati ule alikwenda mwenyewe kutazama, na serikali ikahesabu siku za kufungua njia, si miaka. Ilifanya vema, kwa maana mji ule unakula kwa njia ile. Nasi je, tunakula kwa njia gani? Tumbo la Kamituga si tumbo?

Mwingine atasema: "Vita kwanza, barabara baadaye." Huyo namsikiliza zaidi, kwa sababu maumivu yake ni yangu. Mwezi wa Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, na kila nyumba inajua ilichopoteza. Lakini mvua haina chama wala haiombi kibali kwa mkubwa yeyote. Mwezi wa Oktoba 2024, vita ilipokuwa imefunga barabara ya Minova, watu walisongamana katika mashua kwenda Goma, na moja ikapinduka mbele ya bandari ya Kituku. Watu kwa makumi wakafa macho ya jamaa zao yakiwatazama. Njia moja ikifa, nyingine inabebeshwa mzigo usioiweza. Kwa hiyo nasema neno moja kwa wote, wa jana, wa leo na wa kesho: anayepokea ushuru kwenye bariera ndiye mwenye deni la daraja. Bendera ikibadilika, deni halifutiki.

Wa tatu atasema: "Tungojee wazungu." Ni kweli dunia ina deni kwetu. Misitu ya Kongo inatunza hewa ya watu wote, na moshi ulioharibu majira haukutoka Kalehe. Mwaka 2022 pale Sharm el-Sheikh mataifa yalikubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu. Tudai haki yetu huko kwa sauti kubwa. Lakini mtaro uliozibwa na majani hauhitaji mkutano wa mataifa. Unahitaji jembe na mshahara wa mwenye jembe.

Tutazame na jirani, tujifunze. Dar es Salaam walianzisha mabasi ya mwendo kasi mwaka 2016, karakana yake wakaiweka Jangwani, katika bonde la Msimbazi. Mto ukaja kudai mahali pake, mara nyingi, na mabasi yakaharibika. Mwaka 2022 ikabidi kukopa Benki ya Dunia dola milioni 200 kulitengeneza bonde lile, pamoja na kujenga daraja la juu na kuihamisha karakana. Wamelipa mara mbili. Ila wao sasa wanajenga. Sisi tunalipa kila mwaka, na hatujengi.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo manne, wala si makubwa.

Sehemu maalumu ya fedha za barabara na mrabaha wa madini itengwe kwa kinga: mitaro, karavati, kingo na miti. Isiguswe kwa safari wala kwa magari ya wakubwa.

Fedha hiyo itoke kabla ya Juni, ili kazi ifanyike katika miezi mikavu. Fedha inayofika Oktoba inaingia matopeni.

Hesabu ibandikwe kwenye kila bariera, kwa Kiswahili: mwezi huu zimeingia kiasi gani, zimekwenda daraja gani. Mimi nimepita bariera nyingi, sijapata kuona ubao kama huo.

Na watu wanaokaa chini ya milima iliyo uchi wapewe mahali pengine pa kukaa wakiwa hai, si mahali pa kuzikwa.

Ndugu msomaji, ukilipa ushuru dai risiti, uiweke. Njia ikikatika, peleka risiti zako kwa chifu na kwa mjumbe uliyemchagua, umwulize imejenga nini. Ukiwa peke yako watakucheka. Tukiwa mia watatafuta kiti cha kukaa watujibu.

Mimi nimekwisha anza. Katika safu ile ya sababu siandiki tena "mvua". Naandika: "daraja halikutengenezwa". Mkubwa wangu aliponiuliza kwa nini nimebadili neno, nilimwambia kwamba karani huandika yaliyo kweli. Alinyamaza kidogo, kisha akatia sahihi.