SIFA YA NG'AMBO HAILIPI DENI LA NYUMBANI

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wote wa muji,

Kuna maneno yanayozunguka kila pahali watu wanapokutana: «Musiseme ubaya wa Prezida, wageni watatucheka. Mutu anayeheshimiwa Ulaya na Marekani, ninyi ni nani hata mumushitaki?» Maneno haya ni matamu, lakini tuyatie kwanza kwenye muzani.

Tutazame Richard Nixon, Prezida wa Marekani. Mwezi wa pili 1972 alifika Peking, akapeana mukono na Mao. Mwezi wa tano akafika Moscow, akatia sahihi mapatano ya kuwekea mpaka silaha kubwa. Dunia ikamusifu. Lakini tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa usiku ndani ya biro ya chama cha wapinzani wake, katika nyumba ya Watergate kule Washington. Nyuma yao kulikuwa feza za kamati ya uchaguzi wake.

Watetezi wake walisema jambo ni dogo, lisiharibu kazi kubwa ya ng'ambo. Mwezi wa sita 1974 akaenda Misri, makundi ya watu yakajaa njiani kumushangilia. Shangwe ile ilimusaidia nini? Tarehe 24 Julai waamuzi wanane wa baraza kuu la hukumu, wote kwa sauti moja, wakamuamuru atoe kanda zenye sauti yake. Watatu kati yao aliwaweka yeye mwenyewe! Kanda zikasema wazi: siku sita kisha wizi ule, alikubali upelelezi uzuiwe. Tarehe 9 Agosti 1974 akaacha kiti.

Je, inchi ilianguka? Hapana. Mwezi wa kumi na moja, Gerald Ford aliyemufuata alikutana na Brezhnev kule Vladivostok, na mazungumzo ya silaha yakaendelea. Mapatano yalikuwa ya inchi, hayakuwa ya mutu mumoja. Lakini tusidanganyane: hata kwao haki ilifika nusu, maana Ford alimusamehe Nixon mwezi wa tisa, mbele ya hukumu yoyote.

Na kwetu? Mobutu alipokewa na Nixon huyo huyo mwezi wa kumi 1973, na Bush mwezi wa sita 1989. Nani kule Kolwezi ao Likasi alishiba kwa picha zile? Kwetu hakukuwa baraza la kumuuliza habari za feza. Mwezi wa tano 1997 akakimbia, na mwaka ule ule akafa Maroko. Deni likabaki kwa raia.

Sisi makarani tunajua: wakubwa wa kampani wakija kutembelea, njia zinafagiliwa na kuta zinapakwa rangi. Lakini hesabu iko katika buku, haiko katika rangi.

Basi, ndugu, mutu akikuambia ufunge kinywa kwa heshima ya inchi, umuulize: buku iko wapi, na nani ana ruhusa ya kuifungua? Aibu haitoki kwa anayeuliza. Inatoka kwa aliyeficha.

Karani mumoja wa shimo