Fainali Unguja, Kelele Tukuyu

Fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Jumapili ya Juni 29, 2025, kwenye Uwanja wa New Amaan, Unguja, na Yanga ikaifunga Singida Black Stars mabao 2-0. Kule walikuwa wanapepewa na upepo wa bahari. Tukuyu, Juni ni mwezi wa makoti. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Rungwe tangu mchana, na ndani ya kibandaumiza jezi zote zilikuwa chini ya masweta, kwa hiyo huwezi kumjua nani ni nani. Duke Abuya alipofunga la kwanza, zipu zikafunguka kwa mpigo na njano ikajaa ukumbini. Waliobaki wamefunga zipu hadi kidevuni nikajua ni Simba.

Hao wa zipu niliwaonea huruma. Jumatano ya Juni 25 walikuwa wamefungwa 2-0 na Yanga katika ile mechi iliyoahirishwa tangu Machi, ligi ikaenda Jangwani kwa Yanga mara ya nne mfululizo. Kombe la Shirikisho nalo walikuwa wameshaondolewa kwenye nusu fainali, tena na hao hao Singida. Sasa Jumapili washangilie nani? Wengi waliamua kuwa watu wa Singida kwa dakika tisini. Kijana wa bodaboda niliyekaa naye benchi moja nikamuuliza inakuwaje anamshangilia aliyemtoa mashindanoni.

"Singida walitutoa, kaka, sikatai," akasema. "Lakini Singida sipaki nao pikipiki kijiwe kimoja kesho asubuhi."

Jibu hilo lina mantiki kuliko uchambuzi mwingi ninaousikia redioni. Utani wa Simba na Yanga hauko Msimbazi wala Jangwani, uko kijiweni. Mtu anaiogopa Yanga kwa sababu ya mshabiki wa Yanga anayepanga naye foleni ya abiria, anayemuuzia vocha, aliyeoa dada yake. Mzize alipofunga la pili, kijana wangu alitazama mlango. Hakutoka. Alijua akitoka itahesabiwa.

*

Kuna jambo ambalo Jumapili hakuna aliyelitaja mpaka mzee mmoja wa nyuma alipolisema kwa sauti ya kukereka: hiyo Singida Black Stars ni mtoto wetu. Anasema kweli. Timu hiyo ilikuwa Ihefu, ya Mbarali, mkoa wetu huu huu wa Mbeya. Novemba 29, 2022, kule Ubaruku, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mbio za mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 ikairudia hiyo kazi, 2-1 tena. Msimu huo haujaisha, timu ikahamia Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina.

Kwa hiyo Mbeya ilikuwa na haki ya kukaa kwenye fainali ya Unguja, ikakaa kwa mlango wa nyuma. Najua mpira ni fedha, na mwenye fedha huhamisha mali yake anakotaka. Lakini watu wa Ubaruku waliofika uwanjani kwa baiskeli kuitazama Yanga ikifungwa, wao hawakupewa gari la kuhamia Singida.

*

Watu wa Simba walipokuwa wanaishangilia Singida, niliukumbuka Mei. Simba walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco: kule Berkane walifungwa 2-0, na marudiano ya Mei 25 yakapelekwa Amaan baada ya CAF kuukataa Uwanja wa Mkapa. Yakaisha 1-1, kombe likaenda Morocco. Siku ile Tukuyu palizuka Wamorocco wengi kuliko ninavyoweza kueleza, na wote kabla ya hapo walikuwa Yanga. Miaka miwili nyuma yake, Yanga ilipocheza fainali hiyo hiyo na USM Alger, ikafungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini, Waalgeria wa Tukuyu walikuwa watu wa Simba.

Kila mara likitokea hilo, wakubwa na watangazaji huonya: uzalendo kwanza, hii ni timu ya taifa letu. Mimi siungani nao. Mtu aliyeishi na utani huu tangu utoto humwezi kwa tangazo. Na nimeona kitu kingine: yule "Mwalgeria" wa 2023 ndiye aliyekuja asubuhi yake kumsalimia jirani wa Yanga, kwa kumcheka kwanza, kisha kwa kukiri kwamba kushinda Algiers si kazi ndogo. Uzalendo wa aina hiyo huja umechelewa na umevaa jezi ya mtu mwingine, lakini huja. Ninachokikataa ni ngumi. Mwenye kumpiga mwenzake kwa ajili ya klabu ambayo haijui hata jina lake, huyo mnyimeni chai.

*

Jumanne kulikuwa na msiba upande wa Katumba. Anayeijua Rungwe anajua msiba wetu ni wa kijiji kizima: ndizi zinakuja kwa mikungu, kuni zinakuja mabegani, wanaume wanakaa kuzunguka moto, wanawake wana kazi isiyokwisha. Kwenye moto ule mada ilidumu kwa heshima kama saa moja hivi. Marehemu, mvua, bei ya majani ya chai. Halafu mtu akatia kijinga kingine motoni na kuuliza, kwa sauti ya kinyenyekevu kabisa, kama Simba bado wanalala.

Kicheko kilichotoka pale kingemshangaza mgeni. Baba mmoja mtu mzima, Simba wa tangu zamani, akainuka. Nikadhani ameudhika. Alikuwa anakwenda kuchukua sufuria ya ndizi, akaileta na kuiweka katikati, akamwambia mchokozi: "Kula kwanza, mdogo wangu, ubingwa haushibishi." Wakala sahani moja.

Mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi nchi hii kati ya 1934 na 1938 wakiwatazama Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu alichokiita Good Company. Kilichowashangaza ni vijiji vya rika: wavulana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao wakiwa wa miaka kumi au kumi na mmoja, wakajenga vibanda vyao mahali pamoja, na wakaendelea kukaa pamoja hadi wanaoa na kuzeeka. Thamani kubwa katika maisha hayo ilikuwa kula, kunywa na kuzungumza na wenzako. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka.

Vijiji hivyo havipo tena kwa sura ile. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya vibandaumiza vya Tukuyu, Kiwira na Ushirika, na ninachokiona ni rika. Vijana wa miaka ishirini wako mbele, wa arobaini nyuma yao, wazee ukutani, na kila rika lina utani wake ambao rika jingine haliingilii. Simba na Yanga wamechanganyika humo humo. Sijawahi kuona kibanda cha Yanga tupu au cha Simba tupu wilaya hii, na siku kikifunguliwa nitaanza kuwa na wasiwasi.

*

Ila kuna swali ambalo kila fainali hunirudia. Kwa nini tunashangilia timu za wenzetu tu?

Vijana wa leo ukiwaambia Tukuyu Stars ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara, wanakuangalia kwa adabu wanayompa mzee anayesimulia vita. Ni mwaka 1986. Timu ya mji huu, Banyambala, ndiyo kwanza imepanda daraja, msimu wake wa kwanza na wakubwa, ikachukua ubingwa mbele ya Simba na Yanga. Golini Mbwana Makata, ambaye baadaye amekuwa kocha wa timu kadhaa za Ligi Kuu. Mbele yake Godwin Aswile na wenzake, wengi wao wakawa kishawishi cha klabu kubwa za Dar es Salaam baada ya hapo.

Klabu za nje ya Dar zilizowahi kufanya hivyo ni za kuhesabu. Mseto ya Morogoro 1975. Coastal Union ya Tanga 1988. Mtibwa Sugar ya Morogoro 1999 na 2000. Na katikati yao kimji cha mvua na migomba, kilomita sabini hivi kutoka Mbeya mjini. Banyambala hawakukaa kileleni. Timu ya mji mdogo ikishachukua ubingwa huanza kuombwa wachezaji, na mwenye shida hakatai. Wakashuka. Jina limekuwa likifufuliwa na kulala tena kwenye madaraja ya chini.

Mama mmoja anayeuza ndizi stendi aliniambia mwaka ule alikuwa msichana, na mji ulinywa hadi kesho yake. Nikamuuliza Simba na Yanga wa hapa walisherehekeaje. Akanishangaa. "Simba na Yanga gani, baba? Wote tulikuwa Tukuyu."

Hilo ndilo ninalolililia kuliko kombe lenyewe. Ukarimu wetu kwa timu za watu ni mzuri, na nimeusifu hapo juu bila kuona haya. Lakini furaha ya Jumapili iligawa ukumbi nusu kwa nusu, na kila fainali itaugawa hivyo hivyo. Mwaka 1986 haukumwacha mtu na zipu imefungwa.

*

Neno fupi kwa shirikisho. Jambo jema kuliko yote lililofanywa na kombe hili ni kutembea. Fainali zimekwenda Dodoma, Arusha mara mbili, Lindi, Sumbawanga, Kigoma ambako Simba iliifunga Yanga 1-0 mwaka 2021, Tanga, na Unguja mara mbili mfululizo, 2024 na 2025. Hadi hapo Mbeya ilikuwa bado. Uwanja wa Sokoine upo, barabara zipo, na watu wa Rungwe, Kyela na Ileje wangejaza robo ya uwanja wenyewe. Sumbawanga walipewa mwaka 2020 na dunia haikuisha.

*

Madereva wa malori ya Malawi wanaotoka bandari ya Dar hupita hapa kwenda mpakani Kasumulu, na baadhi yao huegesha wale mlo wa jioni. Jumapili mmoja alikuwa kwenye kibanda chetu, akisikiliza Kinyakyusa kwa tabasamu la mtu anayeelewa zaidi ya anavyojifanya. Si ajabu. Wangonde wa Karonga na sisi ni ndugu, tumegawanywa na mto Songwe na wakoloni wawili. Vijana wakaanza naye kuhusu Nyasa Big Bullets, iliyofungwa na Simba nje ndani mwaka 2022, 2-0 Lilongwe na 2-0 Dar. Akajibu kwamba Malawi iliwapa Simba Peter Banda, na Simba haikumshukuru ipasavyo. Mtu akamwambia Banda tumeshawarudishia, tatizo limebaki ziwa.

Mzozo wa mpaka wa Ziwa Nyasa una umri wa wazazi wetu, na serikali mbili zimeukalia vikao vingi. Hapa ulijadiliwa kwa dakika mbili, kati ya kona na faulo, na ukaahirishwa kwa sababu Yanga walikuwa wanashambulia. Dereva alilipiwa chai.

*

Agosti 2025 ilikuwa zamu ya CHAN. Kenya, Uganda na sisi ndio tulikuwa wenyeji, mechi ya ufunguzi ikachezwa Dar es Salaam Agosti 2, Taifa Stars na Burkina Faso, na fainali ikawa Nairobi. Nchi hizi hizi tatu zimepangiwa kuandaa AFCON ya 2027. Watu wananiuliza kama Mtanzania ataweza kumshangilia Mkenya. Nawaambia Jumapili ile ya fainali ameshamshangilia: Abuya aliyezifungua zile zipu ni Mkenya, na sikusikia mtu akiuliza pasipoti. Kazi ngumu itakuwa Kenya wakivuka halafu sisi tutoke. Hapo ndipo Wamorocco wapya watazaliwa Tukuyu, nami sitawazuia.

*

La mwisho ni ombi. Mbeya City walirudi Ligi Kuu mwaka 2025, wakawa Sokoine pamoja na Prisons, na nikaanza kusikia watu wakipanga nauli. Nami nataka kuandika makala kamili ya Banyambala. Mwenye picha ya kikosi cha 1986, hata iliyoliwa na mende pembeni, au tiketi, au jezi aliyoachiwa na kaka yake, aje nayo kwa muuza magazeti karibu na stendi. Nitaipiga picha na kuirudisha siku hiyo hiyo. Na aliyeichezea timu ile au kuipikia kambini, namwomba saa moja ya maongezi. Chai ni juu yangu.