Kanopi, Keria na Watoto Wetu



Familia nyingi za Pwani humiliki pikapu kwa kazi mbili. Siku za wiki hubeba mali ya biashara. Siku ya arusi au khitma hubeba masufuria, mikeka na nguzo za hema. Gari likishanunuliwa, huja swali la kanopi ya kufunika bodi ya nyuma, na la keria ya juu. Aghalabu swali hilo hukatwa na wanaume gereji, kwa kutazama sura na bei. Leo nawaomba akina mama nao waingie katika shauri hilo, maana yanayofuata yanawagusa wao na watoto wao.

Kwanza muulizane: tutabeba nini? Mwenye kubeba mchele, vyombo au nguo anahitaji kanopi yenye kufuli, isiyopitisha maji ya masika. Mwenye kubeba mabomba, ngazi au mbao ndefu anahitaji keria. Ama mwenye kubeba mbuzi leo na makochi kesho, turubali juu ya fremu litamtosha, kwa kuwa huvuliwa likarudishwa.

Pili, tazameni imetengenezwa kwa nini. Faiba haishiki kutu, na hiyo ni neema kwetu tunaopulizwa na upepo wa chumvi. Lakini paa la faiba peke yake si la kubebeshwa uzito; mwulizeni fundi kama ndani mna fremu ya kuliimarisha. Chuma kina nguvu, ila ni kizito, na kutu yake huanzia penye matundu ya bolti. Basi kila tundu lipakwe rangi kabla ya kufungwa. Alumini ni nyepesi, lakini ikigusana na bolti za chuma penye chumvi na unyevu huliwa taratibu. Iwekewe mpira au plastiki katikati.

Tatu, uzito ukae chini. Manahodha wetu walilijua hili zamani: farumi na shehena nzito huwekwa ngamani, kwa sababu chombo kizito juu hupinduka upesi. Gari nalo ni vivyo hivyo. Pikapu inayobeba karibu tani 1 katika bodi, paa lake kwa kawaida haliruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 100 likiwa safarini. Kiasi kamili kimo katika kitabu cha gari, na kwa keria ya juu ya kanopi, kwa mtengenezaji wa kanopi hiyo. Tuseme kiasi ni kilo 75. Keria yenyewe ikiwa na kilo 25, zimebaki 50. Mitungi 2 ya maji ya lita 20 ni kilo 40. Gunia la mahindi la kilo 90 halina nafasi kabisa. Mkiambiwa dukani kwamba keria fulani hubeba mamia ya kilo, ulizeni: gari likiwa limesimama, au likitembea? Hizo ni hesabu mbili mbalimbali.

Nne, na hili ndilo kubwa: kanopi ni ya mizigo, si chumba cha watoto. Humo hamna viti wala mikanda. Breki moja ya ghafla humtupa mtoto juu ya masufuria. Tena kuna hatari isiyoonekana. Mlango wa nyuma ukiachwa wazi ili watoto wapate hewa, gari likienda huvuta moshi wa ekzosi ndani. Katika moshi huo mna monoksaidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Mtoto ataumwa kichwa, kisha atasinzia, na mama aliyeketi mbele atadhani ni uchovu wa safari. Usingizi huo huenda usiwe na kuamka.

Kwa hivyo, siku ya shughuli watu wakizidi viti, gari liende mara mbili, au watoto walipiwe nauli ya matatu. Sufuria likipotea hununuliwa jingine. Mtoto ni amana, na amana huulizwa aliyekabidhiwa.