Kilo za Mwisho Zina Kichwa Kigumu



Kuna mtu hushuka kwenye mizani ya dispansari akiwa amekasirika. "Muganga, mizani yako imekufa!" Hapana, ndugu, mizani ni nzima. Tuseme ulianza na kilo 96, na kwa sababu ya tansio tukakupa lengo la kilo 82. Mwezi wa kwanza zilitoka 4, wa pili 3, na leo hata nusu kilo ni shida. Chakula ni kile kile, kazi ni ile ile. Kwa nini?

Kwanza, zile kilo za mwanzo hazikuwa mafuta peke yake. Sukari ambayo mwili huweka akiba ndani ya ini na misuli hushika maji. Ukipunguza bugali, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka. Hayo hutoka mwanzoni tu.

Pili, angalia lori linalopanda kutoka Sake kwenda Mushaki. Likijaa mzigo linakunywa mafuta mengi. Likiwa tupu, machache. Mwili ni vilevile. Chakula kilichokupunguza ukiwa na kilo 96 kinakaribia kukutosha ukiwa na 84. Pengo limekuwa dogo, na chupa moja kubwa ya bia, yenye kalori karibu 300, inaliziba.

Tatu, mwili unaogopa njaa. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi 6. Mapigo ya moyo yalipungua, walisikia baridi, na mawazo yao yakawa chakula tu. Mwili ulibana matumizi, kama mama anavyobana unga mwisho wa mwezi.

Maoni yangu ni haya: tusifanye namba ya mizani kuwa mtihani. Aliyepunguza sehemu 5 hadi 10 kwa 100 ya uzito wake, mara nyingi tansio na sukari yake vimeanza kushuka. Huyo amekwisha kupata faida, hata kama lengo bado. Kibaya ni kukasirika, kununua dawa za kuharisha sokoni, au kuingia kazini bila kula. Kizunguzungu kwenye mteremko wa machimbo kinamwangukia na mwenzako aliye chini. Wala usiache dawa za tansio bila kuuliza.

Punguza kidogo bugali na mawese, ongeza lengalenga, lala vizuri, na jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula.

Neno la mwisho. Uzito unaopungua bila wewe kutaka, pamoja na kikohozi cha wiki 2 au jasho la usiku, si ushindi. Njoo upimwe kifua kikuu. Mama, ukiona suruali ya baba inalegea naye hajabadili chakula, usingoje. Mlete.