Baba Anapofanya Kazi Nchi ya Pili

Mwezi huu tuzungumze juu ya nyumba ambazo baba yupo, lakini hayupo. Ana mke, ana watoto, ana kiti chake mezani. Ila kazi yake iko mbali, naye huja kwake kama mgeni.

Hapa Malangali tunawafahamu. Wapo madereva wa malori wanaopita Matai hadi Kasesya na kuingia Zambia. Hata zamani babu zetu waliondoka Ufipa kwenda kukata mkonge huko Tanga, wakawaachia bibi zetu jembe na shamba la ulezi.

Marubani nao wamo. Huko Ulaya na Marekani ni jambo la kawaida rubani kuwa na nyumba mji mmoja na kuanzia kazi mji mwingine, wengine hata nchi nyingine. Siku ya zamu hupanda ndege kama abiria ili afike kazini. Kwetu, shirika la East African Airways lililoanza mwaka 1946 lilikuwa na makao yake Nairobi, ingawa lilikuja kuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Mwaka 1977 lilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Fikiri ilikuwaje kwa familia ambayo baba yuko upande huu na mama upande ule!

Kuishi hivyo kuna gharama. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Rubani msaidizi, mwanamke kijana, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kufika kazini Newark. Wachunguzi walisema rubani mkuu alikosea kuiongoza ndege ilipoanza kupoteza nguvu ya kuelea, na kwamba huenda uchovu uliwapunguzia wote wawili uwezo. Baadaye sheria ilibadilishwa: tangu 2014 rubani wa abiria huko lazima apewe saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, zikiwamo 8 za kulala bila kusumbuliwa. Lakini hakuna sheria inayoingia chumbani kwetu.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, mke wa dereva, alitusimulia haya kwa machozi. Mumewe alifika Jumamosi jioni, na Jumapili usiku alitakiwa kuondoka. Mama alikuwa ameweka moyoni mambo ya wiki tatu: ada ya shule, bati lililong'oka, shemeji anayedai shamba. Usiku ule aliyamwaga yote. Wakagombana hadi jogoo akawika, na mchana wake wageni hawakukatika. Baba akaondoka bila kulala. Kabla ya alfajiri lori likaingia mtaroni. Alipona, ila mkono ulivunjika.

"Nilimvunja mimi," alisema. Tulimjibu: hapana, mama. Wewe nawe ulikuwa umechoka; ulibeba nyumba peke yako wiki tatu. Kosa lenu lilikuwa kuupa usiku mmoja mzigo wa mwezi mzima.

Basi tushauriane. Usiku wa kwanza uwe wa maji ya moto, chakula na usingizi. Mambo ya nyumbani yaandikwe kwenye daftari, yazungumzwe mchana baba akiwa ameamka; yale yasiyongoja yasemwe kwa simu kabla hajafika. Usiku wa kuondoka usiwe wa ugomvi, na wageni waombwe waje siku nyingine. Tuache pia kuwatisha watoto kwa kusema, "Ngoja baba yako aje." Tukifanya hivyo, mtoto ataogopa mlango unapobishwa badala ya kuukimbilia.

Nanyi akina baba mtakaosomewa ukurasa huu: kabla ya kuuliza fedha zimekwendaje, muulizeni mama amelalaje. Yeye hana zamu inayokwisha.

Mama yule na mumewe sasa wana daftari lao, linakaa juu ya kabati. Mkono umepona, na baba amerudi barabarani. Safari hii aliondoka amelala.